Vitanda Viwili vya Hidaya

1

Kitanda changu kilipanda ghorofa ya tisa kikiwa vipande, nami nilipanda nyuma yake nikiwa vipande vilevile. Lifti ilikikataa. Ilifungua mlango, ikapima, ikasema kwa sauti ya mwanamke aliyeshiba, "Mzigo haujasajiliwa," ikafunga. Kisha ikafungua tena, ikanitaka mimi peke yangu. Nikaiambia, mie na kitanda hiki tumetoka pamoja Magoroto mpaka hapa Muheza, na tutapanda pamoja. Basi Mhina, mume wa mjukuu wangu, akajitwika begani mifumbati, mbao za ubavuni, na matendegu ya kusimamia akayatia kwenye gunia, mie nikabeba kamba.

"Bibi," akasema tulipopumzika kwenye ngazi, jasho linamtoka, "ungeniambia tu nikakununulia kitanda hukuhuku."

"Mume wangu weye, kitanda cha mzazi hakinunuliwi huku. Huku mnauza magodoro yanayoongea."

Akacheka. Namwita mume wangu kwa utani, na mjukuu wangu Hidaya ni mke mwenza. Tumegombania mwanamume huyu tangu siku ya posa, na mpaka leo hajatununulia hata mmoja wetu kanga ya maana.

Hidaya aliniagiza mwenyewe. Mimba ilipokuwa kubwa alinipigia, uso umejaa kioo cha simu, akasema, "Bibi, njoo uwambe kitanda cha kamba kama ulichokiwamba mama aliponizaa mimi. Nataka kamba chini ya mgongo, joto chini ya kamba, na weye pembeni unikande miguu." Nikamwuliza, na hicho cha kituo? Maana hata sisi wa milimani tulishasikia kwamba kituo cha uzazi kinamletea kila mzazi wa mji ule kitanda cha kumponya. Akacheka mpaka simu ikatikisika. "Hicho nacho nimekikubali, Bibi. Nitakuwa na vitanda viwili. Nitakuwa malkia."

Shikeni hapo. Vyote viwili aliviomba yeye, kwa mdomo wake, akiwa na akili zake zote. Angeomba kimoja, mie ningekuwa nyumbani sasa hivi nachagua maharage, sina la kusimulia.

Nikakiwamba sebuleni. Kamba za katani nilizilowesha kwenye karai usiku kucha, kwa sababu kamba ikiwambwa kavu hulegea, mzazi akazama katikati na kiuno kikamuuma mwaka mzima. Ikiwambwa mbichi, hukauka ikajikaza yenyewe. Mhina alivuta upande wa kichwani, mie nikavuta wa miguuni, tukawa kama watu wanaogombania ng'ombe. Juu ya kamba nikatandika mkeka, juu ya mkeka godoro jembamba la sufi, juu ya godoro shuka kuukuu lililofuliwa mpaka likawa laini kama sikio la mbuzi. Shuka jipya lina ukali; mzazi hahitaji kitu kipya zaidi ya alichokizaa. Kimo cha kitanda nilikipima kwa goti langu, maana mimi na Hidaya tuko sawa, ili akikaa ukingoni miguu yake iguse chini bila kujirusha. Ubavuni nikaacha nafasi ya kulaza mtoto, mahali ambapo mkono wa mama unafika bila kunyooka.

Likabaki la joto. Zamani tulisukuma jiko la makaa chini ya kitanda, joto likapanda taratibu kupitia matundu ya kamba. Lakini kule juu, dari lilikuwa na pua. Likisikia moshi linamwaga maji nyumba nzima, na polisi wa moto wanakuja kwa droni. Basi nilikuwa nimechukua mawe ya mtoni, ya mviringo, nikayajaribu kwenye jiko la umeme. Yakishika moto nayafunga kwenye gunia bichi, nayatia kwenye sufuria, nasukuma chini. Nikalala pale mwenyewe kidogo kukionja. Wallahi nilisinzia.

2

Hidaya alijifungua mtoto wa kike, kwa kupasuliwa. Walipomrudisha nyumbani hawakumpitisha sebuleni hata atupie jicho kazi yangu. Walimpeleka moja kwa moja chumbani, kwenye kile kitanda kingine. Jina lake Mtulizo. Hakikuwa na mifumbati wala matendegu. Kilikuwa kitu kimoja kikubwa cheupe, kimevimba kidogo, kama ugali ulioepuliwa sasa hivi, na ukingoni kina taa.

Muuguzi aliyekuja nacho aliitwa Sista Nakijwa, mwanamke wa Kipare, mfupi, mwenye mikono myepesi na maneno machache. Hakunidharau, nisije nikamsingizia. Alinieleza kama anavyoelezwa mtu mzima.

"Ndani mna nyuzi, Bibi, nyembamba kuliko utando wa buibui. Zinagusa mgongo wake. Maumivu yakitoka kwenye mshono kwenda kichwani, nyuzi zinayasikia njiani na kuyatuliza kabla hayajafika. Taa ikiwa kijani, ametulia. Ikiwa nyekundu, anaumwa."

"Na mtoto?"

"Chumba cha pili, kwenye susu, kitanda chake cha kubembea. Linambembeleza, linamnywesha, linamwimbia kwa sauti ya mama yake."

"Na mama yake anafanya nini?"

"Anapona," akasema Sista.

Neno zuri. Nikaenda kukoroga uji.

Lakini mkono wa mtu mzima hautulii. Nilipomwona mjukuu wangu amelala kwenye kitu kisicho na joto chini, nafsi ilinisuta. Tumbo lenye mshono halikandwi, hilo nalijua, lakini mgongo na miguu vinataka moto. Sista alipoondoka nikachukua mawe yangu nikayasukuma chini ya Mtulizo, pale magurudumu yanapouinua. Baada ya muda nikagusa godoro: baridi. Nikasema mawe haya hayatoshi. Nikaongeza. Nikagusa tena: baridi zaidi. Nikapasha mengine mpaka jiko likalia. Nikawa naingia na kutoka, mie natia moto, godoro linazidi kuwa kama jiwe la kisimani, na Hidaya katikati yetu anatabasamu, taa kijani, ananiuliza kama Magoroto mvua imenyesha.

Jioni Sista akaja kumtazama. Akashika miguu ya Hidaya, akageuka.

"Nani ameweka jiko chini ya kitanda?"

"Si jiko, mwanangu. Ni mawe."

Akachungulia chini, akavuta pumzi. "Kitanda kilidhani ana homa kali. Kimekuwa kinampoza mchana kutwa. Midomo hii huioni?"

Nikaitazama. Ilikuwa rangi ya jivu. Hidaya alikuwa anatetemeka kidogo kidogo bila kujua kuwa anatetemeka, kwa sababu baridi nayo, ikizidi, ni maumivu, na Mtulizo ulikuwa unayafuta kwa mkono mmoja huku unayaleta kwa mkono wa pili.

Sista hakunifokea. Angenifokea ningepata pa kushika. Alisema tu kwamba kuanzia siku ile niingie chumbani kuleta uji na kusalimia, basi. Nikarudi sebuleni na mawe yangu. Mhina alikuwa ameanika nguo za mtoto juu ya kitanda changu.

"Mume wangu," nikamwambia, "hicho si kamba ya kuanikia."

"Samahani, Bibi. Nimeona hakina mtu."

3

Kila alasiri Mtulizo hujipima. Nyuzi huachia kwa muda mfupi, ili kitanda kijue maumivu halisi yamefikia wapi, kisha hushika tena. Sikulijua hilo mpaka siku niliyokuwa nimekaa pembeni na bakuli la uji, taa ikageuka ya njano, ikawa nyekundu, na uso wa Hidaya ukarudi.

Sina namna nyingine ya kusema. Tangu alipotoka hospitali nilikuwa natazamwa na uso wake, lakini yeye mwenyewe hakuwemo. Sasa akaingia. Akakunja meno, akashika mkono wangu mpaka pete ikanikata.

"Bibi."

"Nipo, mwanangu."

"Nani analia?"

Mtoto alikuwa analia chumba cha pili. Alikuwa ameanza zamani, susu linamwimbia, hataki. Mie nilikuwa nimemsikia, Mhina alikuwa amemsikia, majirani walikuwa wamemsikia. Hidaya ndiyo kwanza anamsikia.

"Mwanao."

Akajaribu kuinuka. Nikaona kanga yake kifuani inalowa, duara huku na duara huku, yanapanuka. "Nitoe hapa," akasema. "Nitoe, Bibi, nipeleke kwenye kitanda changu. Nitaumwa huko huko. Nitoe."

Nikapitisha mkono chini ya mabega yake. Kitanda kikasema, kwa upole ule ule wa lifti, "Ombi halikupokelewa. Mzazi yuko katika maumivu. Uamuzi wake utapokelewa atakapotulia."

"Anasema nimtoe," nikakiambia kitanda, kama mwendawazimu.

"Uamuzi wake utapokelewa atakapotulia."

Taa ikarudi njano, ikawa kijani. Mkono wake ukalegea ndani ya wangu. Uso ukanyooka kama shuka linapopita pasi.

"Hidaya. Nikutoe?"

"Unitoe wapi, Bibi?"

"Umesema sasa hivi nikupeleke kwenye kitanda chako."

"Aa." Akatabasamu. "Nilikuwa naumwa tu. Niko sawa hapa."

Nikaenda kumchukua mtoto, nikamlaza kifuani kwake. Akamtazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya jirani. Mtoto akatafuta, akapata, akanyonya, hakikutoka kitu. Akaachia akalia kwa hasira. Mama yake yupo hapohapo, kilio kinamwingia sikioni na kupotelea njiani.

Kesho yake alasiri ikawa vilevile. Nitoe, Bibi. Kisha: niko sawa, Bibi. Na keshokutwa yake. Nikaanza kuziogopa alasiri na kuzingoja pia. Na kila alasiri nilitazama kanga. Yale maduara yalikuwa yanapungua. Ikafika siku yakawa kama ya sarafu, nikajua maziwa yanaondoka, na yakishaondoka, hapo hata akipona mara mia hayarudi kirahisi.

4

Nilimweka Sista Nakijwa kitako sebuleni. Yeye kwenye kiti, mie kwenye kitanda changu, Mhina amesimama mlangoni kama shahidi asiyetaka kuitwa.

"Kwa nini Hidaya hamsikii mwanawe?" nikauliza.

Sista akajifuta paji la uso. "Mama akisikia mtoto analia, mwili wake unashtuka. Shtuko hilo ndilo linaloita maziwa. Lakini kwenye nyuzi, shtuko na maumivu yanafanana. Kitanda hakijui kuyatenganisha. Kinatuliza yote."

"Basi kifundisheni."

"Tunajaribu. Hatujafika."

"Na mpaka mfike?"

"Susu lina maziwa, Bibi. Mtoto hatakufa njaa."

"Sikusema atakufa. Kwa nini kitanda kinamsikiliza huyu aliyetulia peke yake? Yule anayeumwa hana mdomo?"

Aliponijibu, alijibu akitazama kamba za kitanda changu.

"Kabla ya vitanda hivi, dada yangu alizaa kwa kupasuliwa. Nyumba imejaa wageni, wote wamekuja kumpa hongera, wote wanataka chai. Akaona haya kulala. Akaumwa, hakusema. Akainuka kupika, mshono ukaachia. Tulimzika yeye, mtoto tukabaki naye." Akaendelea kwa sauti ileile. "Nimehudumia mama mwingine aliyeniambia, katikati ya maumivu, nimchukue mtoto nikamtupe, hamtaki. Asubuhi alipotulia aliniuliza mtoto yuko wapi. Ungependa nimsikilize yupi, Bibi?"

Hapo alinifunga. Nilikuja nimejaa maneno, nikayakuta yote yamelowa.

"Akitoka, hawezi kurudi?" nikauliza.

"Hapana. Nyuzi huzoea mwili mmoja. Akisema anakiachia, zinafutwa, kitanda kinakwenda kwa mzazi anayefuata kwenye foleni. Atabaki na vidonge, na vidonge havifiki hapo kitanda kinapofika. Ataumwa kweli. Kwa hiyo lazima aamue mwenyewe, akiwa ametulia."

"Na akiwa ametulia hataki."

"Ndiyo."

"Na akitaka, hajatulia."

"Ndiyo, Bibi. Nimeliona hilo kabla yako. Silali vizuri."

Aliondoka. Mhina akabaki mlangoni anakwangua rangi ya ukuta kwa kidole.

"Mwache alale, Bibi," akasema. "Wewe hukuwepo dawa ya ganzi ilipoisha kule hospitali. Mie nilikuwepo. Ile sauti sitaki kuisikia tena."

"Huitaki kwa ajili yake, au kwa ajili yako?"

Alinitazama kwa namna ambayo haikuwa na utani hata chembe, akaenda kazini kwake kwenye mashine za mkonge bila kuniaga.

Nikabaki na hasira yangu, na mbaya zaidi ni kwamba haikuwa na pa kwenda. Sista ana haki. Mhina ana haki. Kile kitanda, kwa ujinga wake, nacho kina haki, maana kimemtii yule aliyekiomba. Na mie nina wajukuu wawili ndani ya mwili mmoja. Mmoja analala siku nzima na kusema hapana. Mwingine anaamka kwa muda wa kupoa bakuli la uji, na kusema ndiyo. Nikimtii wa kwanza, namzika wa pili akiwa hai. Nikimtii wa pili, namtia wa kwanza kwenye kisu. Wote wawili wananiita Bibi.

5

Asubuhi yake nikapeleka uji wa pilipili manga. Taa kijani. Sikuwa na mpango wowote, na yeyote atakayesema nilikuwa nao amenizulia. Nilitaka tu kukaa naye. Zamani, Magoroto, tukichambua maharage, mimi na yeye tulikuwa tunategana vitendawili mpaka kiza. Hidaya mdogo hakuwa mtu wa kushindwa. Alikuwa anatafuna pindo la kanga yangu, analia machozi, lakini mji hatoi.

"Kitendawili," nikasema.

Macho yakamchangamka kidogo. "Tega."

"Tumesafiri pamoja, tumefika pamoja, lifti imenichukua mimi imemkataa yeye."

"Kitanda chako, Bibi. Mhina ameniambia."

"Haya. Kitendawili."

"Tega."

"Mtumishi wangu hana mikono, kutwa amenikumbatia."

"Huyu hapa." Akapapasa Mtulizo. "Vyepesi hivyo."

"Kitendawili."

"Tega."

"Mgeni kaja kwangu na njaa. Chakula chake kimo mwilini mwangu. Anabisha hodi kutwa, nami nimelala mlangoni sisikii."

Akatazama dari. Chumba cha pili mtoto alikuwa analia, ndiyo kwanza anaanza, kile kilio cha kugunaguna. Nikangoja. Nikasema moyoni, atatafuna kanga sasa. Atakasirika. Atanitukana hata.

"Sijui, Bibi," akasema kwa raha. "Nimeshindwa. Chukua mji."

Nimeishi miaka mingi na nimeambiwa mengi, lakini neno hilo lilinikata. Hakujaribu hata. Nikaendeleza mchezo kwa sababu ningeacha ningelia.

"Nipe mji basi."

"Chukua Tanga."

"Tanga siitaki, ina joto."

"Chukua Lushoto."

"Lushoto baridi, magoti yangu mabovu."

Akacheka, cheko la mtu asiye na deni. "Una makuu weye. Basi taja mwenyewe. Unaoutaka wowote nakupa."

"Nipe huo ulioulalia."

"Chukua."

Kitanda kikalia kengele ndogo. "Mzazi ametulia. Mzazi ameachia kitanda. Mzazi, unathibitisha?"

Sikiliza sasa. Kulikuwa na nafasi pale. Haikuwa kubwa, lakini mtu anaweza kupitisha neno: huu ni mchezo, sisi tunacheza, usitusikilize. Neno nilikuwa nalo. Nilimtazama mjukuu wangu, nikaitazama kanga yake kifuani, kavu, na mtoto kule akapandisha sauti. Nikafunga mdomo wangu. Haukufungwa na mtu mwingine, niliufunga mimi.

Hidaya akacheka tena. "Si nimemwambia achukue? Mji nimeshatoa."

"Imepokelewa," kikasema kitanda.

Taa ikawa ya njano. Kisha nyekundu, na haikurudi.

Mhina alitoka bafuni na povu la sabuni shingoni. Alimkuta mkewe amejikunja, amejiuma mkono. Akanitazama mimi.

"Umefanya nini?"

"Nimepewa mji."

Alielewa. Yeye naye amekulia huku huku, vitendawili anavijua. "Hiyo ni hila, Bibi."

"Ni hila. Mbebe."

"Anaumwa, unamwona anavyo—"

"Namwona. Kitanda hicho si chake tena, kinapoa. Mbebe, baba, mshono usivutike. Mkono mmoja magotini."

Akambeba. Njiani Hidaya alisema maneno ambayo sikuwahi kumsikia nayo, na yote yalikuwa yananihusu.

6

Kamba zililia alipolala, kisha zikamshika. Nilimwekea mto chini ya magoti ili mshono ulegee, nikamfunika miguu, nikasukuma mawe chini, joto dogo, si la mashindano. Nikampa vidonge vya Sista. Vilifanya kazi nusu, kama tulivyoambiwa.

"Umeniibia," akanambia. Jasho lilikuwa limemshika nywele. "Nilikuwa sina habari, umeniibia."

"Ndiyo."

"Usiseme ndiyo. Jitetee."

"Sina la kujitetea, mwanangu."

Akageuza uso ukutani. Mhina akaingia na mtoto, hajui amweke wapi. Nikamwonyesha ile nafasi ya ubavuni. Mtoto alikuwa amegeuka rangi kwa kulia. Hidaya bado kaelekea ukutani, analia yeye naye, na kwa muda nikawa nasikiliza vilio viwili nikijiambia, umeharibu, bibi weye, umewakosesha wote, huyu raha yake na huyu mama yake.

Kisha mkono wake ukarudi nyuma bila uso kugeuka. Ukapapasa. Ukamkuta.

Maziwa hayakuja siku ile. Nisiwadanganye. Yalikuja kesho yake, machache, na kila mtoto alipovuta, tumbo la Hidaya lilikaza na mshono ukamchoma, akawa ananyonyesha huku anapiga mfumbati kwa ngumi. Mhina alikuwa anatoka nje kwenye korido, anarudi, anatoka. Mara ya mwisho alirudi na kitambaa chenye maji, akakaa kichwani pa mkewe, hakutoka tena.

Sista Nakijwa alikuja na vijana wawili kuchukua Mtulizo. Aliukagua mshono kwanza, kwa mikono yake ile myepesi, akaguna kuwa umekaa. Nje ya mlango akaniambia polepole, "Nitakuja kila siku, Bibi. Si kwa sababu umefanya vyema. Sijui kama umefanya vyema."

"Hata mie sijui."

"Kuna mzazi mwingine atakilalia kitanda hiki leo. Amezaa mapacha. Ananiomba tangu juzi." Akawageukia vijana. "Twendeni."

Wakausukuma Mtulizo kwenye lifti, wote mzima, mweupe. Lifti ikafungua mlango wake mpana. "Mzigo umesajiliwa," ikasema. "Karibu."

Hidaya hakuzungumza nami isipokuwa kwa haja. Maji, Bibi. Mto, Bibi. Nilimkanda miguu, akaniachia miguu, uso akampa mwanawe. Nami nikakaa na hilo, kwani nilikuwa nimeliomba.

Mpaka alasiri moja. Mtoto amenyonya amelewa, mdomo wazi. Jua limeingia dirishani mpaka kwenye matendegu. Sikutazamia.

"Bibi."

"Nipo."

"Kitendawili."

"Tega."

"Wawili kitanda kimoja. Kaulizwa aliyelala, kabebwa aliyeamka. Mji ulikuwa wa nani?"

Nikaweka chini mguu wake. Nikafikiri kweli, si kwa kujifanya. Niligeuza kila upande, kama ninavyogeuza jiwe nione pa kulishika, na kila nilipodhani nimepata, yule mwingine akaniita Bibi.

"Nimeshindwa," nikasema. "Chukua mji."

"Nipe."

"Chukua Tanga."

"Ina joto."

"Chukua Muheza."

"Muheza nimo humuhumu, na nimelala."

"Chukua Magoroto."

Akamnyooshea mtoto kofia.

"Magoroto naipokea," akasema. "Nimekwenda Magoroto. Nikakuta nyumba ya bibi imefungwa, kuku wamehamia kwa jirani. Nikauliza mwenyewe yuko wapi. Wakasema yuko mjini, anamkanda mjukuu wake, na harudi mpaka aruhusiwe."

"Aruhusiwe na nani?"

"Na sisi wawili. Yule aliyelala na huyu. Siku tukipatana."

"Na jibu?" nikauliza. Kwa desturi yetu, ukipewa mji lazima useme jibu. Hakuna aliyewahi kuchukua mji akaondoka na jibu.

"Sinalo," akasema Hidaya. "Nikilipata nitakwambia." Akavuta shuka mpaka kidevuni, akanipa mgongo, taratibu, kwa ajili ya mshono. "Mawe yamepoa, Bibi."

Nikapiga magoti, nikavuta sufuria kutoka chini ya kamba. Nikafungua gunia, nikashika jiwe.

Lilikuwa bado la moto. Nikayabeba yote jikoni nikayapashe tena.